Mwongozo kamili: gari ya zamani kwenye milima yetu, pima kwanza ndo ununue spea

Wakuu habari zenu. Nimeona niiandike hii kitu kwa kirefu maana huku kwetu Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa wengi tunaendesha magari ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, Noah za zamani, Carina, Corolla, GX100 na GX110 (zile Mark II), RAV4, Spacio, IST, Vitz, Forester, na mengi yalishatumika Japani, yakatumika Dar, ndo yakatufikia sisi. Gari ya hivyo sio mbovu eti kwa sababu imezeeka. Zinazokufa zinakufa kwa joto la injini lililopuuzwa, au breki zilizopuuzwa, na wenye magari wanafilisika kwa kubadilisha spea kwa kubahatisha. Hilo la kubahatisha ndo linaniuma zaidi, mtu ananunua rejeta, ananunua wota pampu, ananunua sensa mbili, hela imeisha na gari bado inachemsha. Kwa hiyo kila sehemu humu chini naanza na kipimo, kipimo kikishajibu ndo tunaongelea kubadili kitu.

Vifaa vya kuwa navyo nyumbani: multimita ya kawaida tu, tochi nzuri, spana ya plagi, jeki pamoja na stendi zake (usiingie chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja), na kidaftari cha kuandika kilomita na kilichofanyika. Ukiweza ongeza kile kifaa kidogo cha kusoma kodi (namba za makosa ya injini) kwenye simu, ila ujue magari mengi ya Japani ya kabla ya katikati ya miaka ya 2000 hayakubali kila kifaa, kwa hiyo jaribu kabla hujalipia.

KWANZA UJUE MWINUKO NA BARIDI VINAFANYA NINI KWENYE GARI

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa mjini ni kama 1,600 hivi, na Njombe na Makete ni juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Ukipiga hesabu, gari ya farasi 90 ikiwa Dar huku inabaki kama na 75. Kwa hiyo mtu akishusha kigari chake cha sisi 1000 au 1300 kutoka Dar, akapandisha mlima Nyoka na watu wanne ndani akaona haivuti, asikubali kuambiwa injini imechoka inataka ovaholi. Inawezekana ni mzima kabisa. Gari za EFI (zinazopulizia mafuta kwa kompyuta) zinajirekebishia mafuta zenyewe, ila kama una gari ya kabureta iliyosetiwa ukanda wa pwani, huku itatoa moshi mweusi na kunywa mafuta mpaka isetiwe upya.

Kitu cha pili ni maji. Kwenye mwinuko wa Mbeya maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, sio 100, ndo maana hata maharage huku yanachelewa kuiva. Injini nyingi zinafanya kazi kwenye nyuzi 85 mpaka 95. Umeona hapo? Bila presha kwenye rejeta, maji ya gari huku yanachemka kwenye joto ambalo injini inalihesabu ni la kawaida. Kumbukeni hilo, tunalirudia sasa hivi.

HATUA YA 1: UKAGUZI WA ASUBUHI KABLA HUJAWASHA

Fanya hii mara moja kwa wiki, na kama unanunua gari mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike, maana injini ya moto inaficha magonjwa mengi. Weka gari sehemu tambarare, sio kwenye miteremko yetu ya mitaani, fungua boneti.

Chomoa dipstiki, futa, rudisha, chomoa tena, oili iwe kati ya alama mbili. Angalia riziva ya maji, kisha fungua mfuniko wenyewe wa rejeta (gari ni baridi, narudia, ikiwa BARIDI) maana riziva inaweza kuwa imejaa na rejeta iko tupu. Ingiza kidole. Maji ya rangi ya kutu yenye tope ina maana mtu amekuwa akijaza maji ya bomba kwa miaka, na ukikuta utando wa mafuta mafuta unaoteleza ujue kuna mahali oili inakutana na maji. Angalia mafuta ya breki. Alafu chungulia chini ya gari palipolala: tone la kijani au pinki ni kulanti (dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta), jeusi ni oili ya injini, jekundu au la kahawia mara nyingi ni oili ya gia boksi au ya pawa stelingi, na maji meupe yasiyo na harufu chini upande wa abiria ni ya AC tu, hayo yaache.

HATUA YA 2: GARI INACHEMSHA

Hapa nakaa sana maana ndo panapoua magari mengi huku. Ukitoka Ruaha Mbuyuni unaikuta Kitonga, ukitoka Kyela unapandisha mpaka Tukuyu na kuendelea hadi Isyonje, ukienda Chunya unaanza na mlima pale pale ukitoka mjini. Injini inafanya kazi nzito, mwendo ni mdogo, upepo wa mbele hautoshi, na mara nyingi uko nyuma ya lori.

Kama geji inapanda ukiwa mlimani, fanya hivi kwa mpangilio. Zima AC. Washa hita mpaka mwisho na feni ya ndani mpaka mwisho, mtaungua kidogo humo ndani lakini hita ni rejeta ndogo, inatoa joto kwenye injini. Punguza mguu. Ikiendelea kupanda tafuta pa kuegesha salama pasipo kona, weka alama barabarani, zima injini, usisogeze mkono kwenye mfuniko wa rejeta, na usiufungue kwa angalau nusu saa. Maji ya rejeta yenye presha yakirukia uso ni hospitali. Na usimwage maji baridi juu ya injini ya moto, hedi (kichwa cha injini) ya aluminiamu inaweza kupinda au kupasuka, usiruhusu hata kama wasaidizi wa barabarani wameshakuja na ndoo. Ikishapoa ndo unajaza kidogo kidogo.

Ukifika nyumbani anza uchunguzi na kitu cha bei ndogo kuliko vyote.

Mfuniko wa rejeta. Una mpira na springi ndani, na juu yake umeandikwa 0.9 au 1.1, wengine wanaandika 88 au 108 kPa. Hiyo ndo presha inayopandisha kiwango cha maji kuchemka kwa nyuzi 20 na zaidi. Mpira ukipasuka au springi ikilegea presha inatoka, na kwa mwinuko wetu maji yanachemka kwenye 94. Jirani yangu mmoja Uyole Carina yake ilimsumbua hivyo muda mrefu, ilibadilishwa wota pampu, rejeta ikapelekwa kuzibuliwa, thamostati (kile kivalvu kinachofungua maji yaende rejeta injini ikipata joto) ikang'olewa ikatupwa, mwisho akaja mtu akaugeuza mfuniko ukaonekana mpira umekatika robo nzima ya duara, unaona kabisa chuma kwa chini. Mfuniko ndo ulikuwa ugonjwa. Nunua wenye namba ile ile iliyokuja na gari, usipandishe namba ukidhani inasaidia, utapasua rejeta na mipira.

Feni. Washa gari, iache kwenye sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta) mpaka ipate joto, feni iwake yenyewe geji ikiwa karibu katikati, kisha izime, kisha iwake tena. Isipowaka washa AC, kwenye gari nyingi feni inawaka na AC. Ikiwaka na AC lakini na joto haiwaki, tatizo liko kwenye sensa au relei, mota ya feni ni nzima, usinunue mota. Kama haiwaki kabisa angalia fyuzi, badilishanisha relei na nyingine inayofanana nayo, alafu peleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye mota, isipozunguka hapo ndo mota imekufa.

Thamostati. Naomba tuelewane hapa. Huu mtindo wa kung'oa thamostati eti “huku Afrika haihitajiki” hautufai kabisa watu wa baridi. Mwezi wa sita na wa saba Mafinga, Makambako, Njombe au hapa Mbeya, injini bila thamostati haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi inaendelea kuongeza mafuta, oili inakusanya unyevu, injini inachakaa. Na kuna injini ambazo thamostati yake ina kisahani cha pili kinachoziba njia ya mkato ya maji, ukiing'oa maji yanapita mkato bila kupitia rejeta na gari inachemsha zaidi mlimani. Kuipima ni rahisi: ichomoe, itie kwenye sufuria ya maji jikoni, weka motoni. Imeandikwa joto lake, mara nyingi 82 au 88, kwa hiyo lazima ianze kufunguka kabla maji hayajachemka hata kwa mwinuko wetu. Maji yanachemka na yenyewe imefumba, hiyo imekufa. Ikiwa imeachama ikiwa baridi, hiyo nayo imekufa.

Baada ya hapo angalia rejeta kwa nje, nyasi na tope kavu katikati ya vijimapezi ukipita barabara za vumbi, ioshe kwa maji yasiyo na presha kubwa ukisukuma kutoka upande wa injini. Angalia wota pampu kama ina alama ya kulanti iliyokauka chini ya puli, na paipu zilizovimba au kuwa laini sana ukizibonya. Usiweke binzari wala dawa za kuziba kwenye rejeta, zinaziba na njia nzima, hasa za hita.

Vyote vikiwa sawa ndo tunaiwaza hedi gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Injini baridi, mfuniko wazi, jaza maji mpaka shingoni, washa. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyobaki, hayo yanaisha. Yakiendelea mfululizo na ukipiga resi yanaongezeka au maji yanaruka, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Dalili nyingine ni paipu ya juu kuwa ngumu kama dakika moja tu baada ya kuwasha, kabla maji hayajapata moto. Kuna pia dawa ya buluu ya kupimia, inawekwa kwenye kichupa juu ya shingo ya rejeta, ikigeuka njano jibu limepatikana, ulizia gereji zenye vifaa. Hedi ikifunguliwa lazima ipimwe kama imepinda na iskimiwe, usikubali gasketi mpya ifungwe juu ya hedi ambayo haijapimwa, utarudi.

Ukijaza upya, weka kulanti nusu na maji safi nusu, maji yaliyochujwa chumvi au ya mvua ni bora kuliko ya bomba. Kulanti inazuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka, na kwa watu wa Makete na Kitulo kwenye jalidi ya usiku inazuia maji kuganda. Washa hita wakati wa kujaza ili hewa itoke, kwenye Noah za zamani ambazo injini iko chini ya siti hewa inang'ang'ania sana kwenye zile paipu ndefu, usiwe na haraka.

HATUA YA 3: BREKI

Kushuka Kitonga, Inyala, mteremko wa Iwambi kwenda Mbalizi, Senjele. Watu wamekufa kwenye miteremko hii, wengine tuliwajua. Kwa hiyo hapa sitaki mtu aruke.

Kwanza elewa inakuwaje breki zinaisha katikati ya mteremko wakati juu zilikuwa nzima. Ukikanyaga muda mrefu pedi na diski zinapata moto mkali, pedi zinapoteza mng'ato, unasikia harufu ya kuungua. Moto ukiendelea unafika kwenye mafuta ya breki. Mafuta mapya ya DOT 3 yanachemka kwenye nyuzi 205, lakini mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka, na yakishanyonya kiwango kinashuka mpaka 140 hivi. Yakichemka yanatengeneza mvuke, na mvuke unabonyea, kwa hiyo unakanyaga pedali inazama mpaka chini na gari haisimami. Ndo maana mafuta ya breki yabadilishwe yote kila miaka 2, hata kama hayajapungua. Yakiwa meusi kama chai ya rangi muda umeshapita zamani. Na usije kumwaga oili ya injini au hydroliki humo hata kwa dharura, inavimbisha mipira yote ya mfumo.

Vipimo vyenyewe. Injini ikiwa imezimwa kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, shikilia, washa injini: pedali ishuke kidogo chini ya mguu, hapo buusta (kile kinachokuongezea nguvu ya kukanyaga breki) ni nzima. Isiposhuka buusta au paipu yake ya hewa ina shida. Sasa endelea kuikanyaga kwa nguvu ya kawaida kama dakika moja, ikizama polepole kuna mahali panavuja au masta silinda imechoka kwa ndani, angalia magurudumu yote kwa unyevu. Pedali ikiwa ya spongi spongi kuna hewa.

Toa tairi uangalie pedi, zikibaki milimita 3 badili pande zote mbili kwa pamoja. Usisahau breki shuu za nyuma, mafundi wengi wanaangalia mbele tu. Gari ikivuta upande ukifunga breki, endesha kidogo bila kutumia breki sana kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa, yenye joto kuliko wenzake kalipa yake imeganda, mara nyingi ni zile pini zake zimekauka, zinasafishwa na kuwekwa grisi ya breki na maisha yanaendelea, sio lazima kalipa mpya. Pedali ikitetemeka ukifunga breki kwenye mwendo, diski zimepinda au zina unene usiolingana.

Alafu uendeshaji. Kabla mteremko haujaanza, punguza mwendo na shusha gia, kanuni ya wazee ni kushuka na gia ile ile ambayo ungepandia. Otomatiki zima O/D (gia ya juu kabisa ya mwendo kasi), kwenye mteremko mkali weka 2 au L. Injini ikipiga kelele kidogo sio dhambi, ndo inakushikia gari. Breki kanyaga kwa kushika na kuachia, usilaze mguu. USISHUKE NA GIA HURU na usizime injini kuokoa mafuta, injini ikizima buusta inaisha baada ya kukanyaga mara mbili tatu na usukani wa pawa unakuwa mzito. Gari ya EFI ikishuka kwenye gia ukiwa umeachia mafuta inakata petroli yenyewe, kwa hiyo hata hicho unachodhani unaokoa hakipo.

Ikitokea pedali imelegea ukiwa katikati: pampu pedali haraka haraka, shusha gia moja moja, vuta handbreki taratibu huku ukiwa umebonya kitufe ili uweze kuiachia, piga honi, washa taa zote, tafuta sehemu ya kupandia au ukingo wa udongo. Ukishasimama usiendelee na safari kwa sababu tu breki “zimerudi”.

HATUA YA 4: MOSHI NA OILI

Asubuhi ya baridi Mbeya kila gari inatoa moshi mweupe. Ni mvuke, unaisha ndani ya dakika chache injini ikipata moto. Usimruhusu mtu akuuzie hedi gasketi kwa moshi wa saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba. Mweupe mzito usioisha, wenye harufu tamu tamu, na maji yanapungua, huo ndo wa kuufuatilia. Wa buluu ni oili inaungua: ukitoka mara tu ya kuwasha kisha ukaisha, sili za valvu, ukitoka ukiwa unapandisha mlima, pistoni ringi. Mweusi ni mafuta mengi, anza na ea klina iliyojaa vumbi na sensa.

Vilevile maziwa maziwa chini ya mfuniko wa oili. Kwa watu wa baridi wanaoendesha safari fupi fupi, mfano nyumbani Soweto hapa Mbeya kwenda Mwanjelwa na kurudi, unyevu unajikusanya pale kwa sababu injini haipati moto wa kutosha. Chomoa dipstiki: oili ya huko ikiwa safi, nenda safari ndefu kidogo uangalie tena. Kama na dipstiki ina maziwa, usiwashe tena, ita fundi.

Kula oili, injini za 1ZZ za mwanzoni zilizomo kwenye Spacio, RAV4 na nyinginezo zina historia hiyo kwa sababu ya vitundu vya pistoni vinavyoziba, na 2AZ pia. Ukiwa nayo pima kila wiki, maana injini inakufa kwa kuishiwa oili, sio kwa kuila. Badili oili kila kilomita 5,000 na filta yake, na tumia uzito ulioandikwa kwenye kitabu, 5W-30 au 10W-30 kwa nyingi. Ile oili nzito ya 40 ya kupimiwa kwenye madumu inachelewa kupanda juu ya injini asubuhi ya baridi, na dakika hizo za mwanzo ndo injini inasagika.

HATUA YA 5: HAIWAKI ASUBUHI

Pima betri gari ikiwa imelala usiku kucha. Volti 12.6 imejaa, 12.2 ni nusu, chini ya 12 iko hoi. Sasa mtu mwingine apige staata wewe ukiangalia multimita, ikishuka chini ya 9.6 betri imechoka, baridi inaimaliza kabisa. Gari ikiwaka isome 13.8 mpaka 14.5, chini ya hapo alternata au mkanda wake, juu ya 15 rigyuleta imekufa na itaua betri mpya utakayonunua. Betri nzima na staata inalia “tak” tu, safisha vichwa vya betri na angalia waya wa athi unaokwenda kwenye injini na bodi, magari ya zamani hapo panaota ukungu wa kijani na watu wanauziwa staata bure. Inazunguka vizuri haiwaki, sikiliza pampu ya mafuta ukifungua swichi, kisha angalia moto kwenye plagi.

HATUA YA 6: MISI NA KUKOSA NGUVU

Misi ni silinda kutochoma mafuta vizuri: gari inatikisika sailensa, inakata kata ukipandisha. Kwa magari yenye koili juu ya kila plagi kipimo ni cha bure: hamisha koili ya silinda unayoishuku iende silinda nyingine. Tatizo likihama nayo, ni koili. Likibaki, hamisha plagi. Likibaki bado, injekta, mgandamizo, au hewa inayoingia pembeni kwa mpira uliopasuka. Kodi ya P0301 inakuambia silinda ya kwanza ina misi, haikuambii nunua koili. Ukichomoa koili ukakuta kisima cha plagi kina oili, badili sili za kava la valvu kabla ya koili, la sivyo mpya nayo itaharibika.

Sailensa ikipanda na kushuka, safisha throto na sensa ya hewa kwa dawa yake maalum, sio petroli.

HATUA YA 7: BELTI, GIA BOKSI NA CHINI YA GARI

Taimingi belti: Noah za 3S, Carina na Corolla za 4A, 5A na 7A, GX za 1G na Forester za EJ (hizo ni namba za aina ya injini) zinatumia belti, ibadilishwe kila kilomita 100,000 pamoja na tenshena, na wota pampu humo humo. Kama umenunua gari na hujui ilibadilishwa lini, hesabu haijabadilishwa. Kwenye Forester nyingi belti ikikatika valvu zinagongana na pistoni, hapo ni injini. IST, Vitz za NZ na zile za ZZ zina cheni, hizo sikiliza tu kama zinagonga ukiwasha.

Gia boksi otomatiki ya Toyota yenye dipstiki inapimwa ikiwa ya moto, injini inawaka, ukiwa umepitisha gia zote na kurudi P. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua ni habari mbaya. Toyota za wakati huo zipo za T-IV na zipo za Dexron, kwa hiyo soma kitabu, na CVT (otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua) ina oili yake, ukiweka ya kawaida umeimaliza. Gia ya manyuo, ukipandisha mlima injini inapanda mzunguko na gari haiongezi mwendo, klachi.

Chini: inua tairi, itikise kwa kushika juu na chini, ikicheza ni beringi au bol jointi, itikise kushoto na kulia, ikicheza ni tairodi au reki endi. Milio ya tak tak tak ukikata kona mpaka mwisho ni sivii jointi, na ukiuwahi mpira wake ukiwa umechanika tu unaokoa jointi nzima. Kugonga gonga kwenye mashimo anza na stabilaiza linki, ni za bei ndogo na ndo zinazopiga kelele kuliko zote. Alaimenti ifanyike baada ya kubadili hivi vitu, sio kabla. Matairi ya mtumba soma tarakimu nne za mwisho wa ile namba ya DOT, 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016, na kwa mvua za Tukuyu usisubiri yawe vipara.

UNAANZA NA NINI HELA IKIWA NDOGO

Breki na usukani kwanza, siku zote. Kisha mfumo wa maji, kisha belti kama ni ya belti, kisha oili zote, kisha matairi. Misi, AC, rangi na redio vinasubiri.

Na ukienda kwa fundi, usimwambie “fundi badilisha pampu”, mwambie dalili: inachemsha ikipandisha tu, tambarare haichemshi, maji yanapungua nusu lita kwa wiki. Ukishamwambia nini abadili amekuwa mnunuzi wako tu, na ikishindikana kosa ni lako. Muulize, “Umepimaje?” Fundi mzuri anafurahi kuulizwa hivyo na atakuonyesha. Omba spea ya zamani uione na uondoke nayo, andika kwenye kidaftari tarehe, kilomita na jina la spea, na kama ni breki au maji, ijaribu kwanza kwenye mlima mfupi wa karibu na nyumbani kabla hujaelekea Kitonga na familia.